Safari ya Shanta Huhesabiwa kwa Mipaka: Tanga hadi Kigali na Kurudi

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, penye mpaka wa Kenya, ni kilomita 65 hivi, lami mwanzo mwisho. Mombasa yenyewe haifiki kilomita 200, wakati Dar es Salaam inapita 300. Lakini mwulize anayeipita njia hiyo kila mwezi kama Mombasa ni karibu, hatakujibu kwa kilomita. Atakuuliza: mko wangapi? Mna watoto? Pasipoti zao zimeshatoka?

Anajua anachouliza. Safari ya mtu mmoja huhesabiwa kwa saa. Ya familia na marafiki wanaotembea na mashanta mgongoni huhesabiwa kwa mipaka. Barabara huchosha tu, lakini mpakani ndipo cheti kilichosahaulika kinapodaiwa, mtoto anapobanwa na haja foleni ikiwa imebaki watu wawili, noti zinapobadilishwa kwa bei ya kuibiwa, na basi linapopiga honi huku nusu ya kundi haionekani. Kwa hiyo kila mpaka uuhesabie nusu siku, na siku inayofuata msisafiri. Ukishaweka hilo kwenye ratiba, mengine yote yatakaa nyuma yake.

Mzunguko wenyewe ni huu: Tanga, Mombasa, Nairobi, Kisumu, Kampala, Kabale, Kigali, kisha kurudi kwa Rusumo, Kahama na Dodoma hadi Tanga. Nchi nne pamoja na yetu, na mipaka minne: Horohoro wa kuingia Kenya, Busia wa Uganda, Katuna wa Rwanda na Rusumo wa kurudi nyumbani. Siku 18 zinatosha bila kukimbizana. Wapo wanaoumaliza kwa siku 9, lakini hao huwa vijana watatu, wanalala ndani ya basi, na hawakuongozana na bibi.

Mko wangapi

Kundi zuri ni la watu 6, na wala si namba ya uganga. Bajaji ya Tanga na tuktuk ya Mombasa zote hubeba abiria 3, kwa hiyo 6 ni bajaji mbili. Noah moja inawameza wote na mabegi yao. Vyumba viwili vya watu watatu watatu vinatosha. Wakiwa 7 bado Noah itavumilia, mabegi yakipakatwa. Wakiwa 8 kila kitu kinakuwa mara mbili: gari mbili, meza mbili, na dereva wa pili asiyejua wa kwanza ameelekea wapi. Mkizidi hapo, bora mfike 12 au 13 mkodi gari zima, maana matatu za Kenya na takisi za Uganda zina viti vya abiria 14, na kiti kimoja au viwili vitaliwa na mabegi. Namba za katikati ndizo za taabu.

Bodaboda msizitumie kwa kundi hata kama ni rahisi. Sita zikiondoka pamoja, zitafika mahali panne.

Gaweni kazi kabla ya kuondoka. Mmoja anashika makaratasi, mwingine fedha, wa tatu ni mkia: yeye ndiye wa mwisho kushuka garini na wa mwisho kutoka chumbani, na kazi yake ni kuangalia chini ya viti na vitanda. Mkia asiwe mtu wa kupenda kulala. Rafiki asiye na mtoto naye aambiwe mapema, tena kwa maneno na si kwa kumdokezea, kwamba mwendo ni wa mdogo kuliko wote na wa mzee kuliko wote: saa 2 usiku watu wameshakula, na hakuna kutoka tena. Urafiki mwingi wa safarini hufa siku ya nne kwa sababu jambo hili lilionewa haya kusemwa.

Makaratasi

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanapitiana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Mtanzania asidanganyike akiwaona wenzake foleni moja wanavuka na kadi mkononi. Yeye anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Uhamiaji. Hati ya dharura inafaa kwa harusi ya Mombasa na kurudi. Kwa nchi nne, chukua pasipoti, na ihesabu kurasa: kila mpaka una mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia, kwa hiyo mzunguko mzima ni mihuri 8. Uwe na kurasa tatu nyeupe na angalau miezi sita kabla haijaisha muda.

Kila mtoto ana pasipoti yake, hata wa mgongoni. Asafiripo na mzazi mmoja tu, au na shangazi, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na namba ya simu itakayopokewa. Ofisa anayemwona mtoto wa miaka saba na mtu mzima mwenye jina jingine la ukoo ana haki ya kuuliza. Kwetu Uswahilini kila mkubwa ni mama au mjomba, lakini mpakani ukisema "huyu ni mwanangu" na cheti kikasema vingine, umejitengenezea saa mbili za maelezo. Sema tu: ni mtoto wa dada yangu, barua hii hapa.

Viza kwa wananchi wa Afrika Mashariki hakuna, na muhuri haulipiwi. Ukiulizwa mtakaa siku ngapi, taja zaidi ya mnazotaraji, kwa sababu ofisa anaweza kuandika siku zile zile ulizozitaja, na mtoto akiugua malaria Kampala siku hizo zitaisha mkiwa hospitalini.

Halafu kadi ya manjano. Uganda huidai kwa wanaoingia, na mnaporudi Tanzania mkiwa mmepitia Uganda mnaweza kudaiwa vile vile. Sindano ya homa ya manjano ni moja kwa maisha. Tangu 2016 kadi hazikomi miaka 10, na hata ile ya zamani iliyoandikwa ukomo bado inafaa. Ila kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na hapo ndipo watu wanapokwama, wanachanjwa Jumatatu na basi ni Ijumaa. Mtoto wa chini ya miezi 9 hachanjwi kwa kawaida. Mjamzito, na aliyepita miaka 60, wakazungumze kwanza na daktari.

Shanta

Shanta nyingi nzuri hupatikana mitumbani, na anayejua kuchagua hashindwi. Usianze na rangi. Ingiza mkono ndani upapase kitambaa: kama mpira wa ndani unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na una harufu kali, begi hilo halizuii mvua tena na ungaunga wake utaganda kwenye nguo zote. Weka chini. Ukipata zima, lijaze chochote, hata mitumba ya muuzaji mwenyewe, kisha vuta zipu, hasa kwenye kona. Zipu ya begi tupu haikwambii kitu. Kisha shika mikanda ya mabega pale iliposhonewa juu, uivute kama unayemvuta mbuzi, ukitazama kama nyuzi zinaachia. Mwisho fungua na ufunge kifungio cha mkanda wa kiuno mara kumi. Kikikosa mlio hata mara moja, jino lake limechoka.

Kingine: usinunue la mabaka ya kijeshi hata kwa bei ya bure. Nguo na mabegi ya namna hiyo kwa raia ni matatizo kwetu na Uganda pia, na hutaki kuanza kujieleza Busia kwa sababu ya begi.

Mtu mzima anatosha na shanta ya lita 40 hadi 50. Kubwa zaidi litajazwa tu, kwa sababu nafasi huita vitu. Uzito, pamoja na maji, usizidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili wako, na kwa mtoto sehemu ya kumi. Mama wa kilo 60 mwisho wake ni kilo 12, na 9 ndizo za raha. Mtoto wa kilo 30 abebe kilo 3: nguo zake mbili, chupa ya maji, sweta, na kimdoli. Usimpe vitu vya kundi. Akichoka, begi lake litahamia kwa mtu, na aliyebeba atakuwa na dawa mahali asipojua.

Kupakia kuna mpangilio. Chini kabisa vitu vya kulalia, ambavyo havihitajiki mpaka usiku. Vizito, yaani chakula, maji na chaja, vikae katikati, vimegusana na mgongo, usawa wa mafupa bapa ya bega. Ukiviweka mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma, na utatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nguo nyepesi zijaze pembeni na mbele. Juu kabisa sweta na koti la mvua. Kila aina ya vitu itie kwenye foronya yake ya mto, kila foronya rangi yake. Ya bluu ni nguo za ndani, ya njano ni dawa, basi. Foronya ni bora kuliko mifuko ya nailoni kwa sababu nyingine pia: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo 2008, Kenya 2017, na sisi Juni 2019, na Wanyarwanda hufungua mabegi mpakani kuitafuta.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Legeza mikanda yote. Vaa begi, kisha funga kwanza mkanda wa kiuno, ukae juu ya mfupa wa nyonga na si tumboni. Vuta ya mabega mpaka iguse tu, isining'inize begi. Funga wa kifua. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya bega na mkanda, uzito uko nyongani, ndiko kwake. Anayelalamika mabega siku ya kwanza karibu kila mara mkanda wake wa kiuno unaning'inia wazi, kwa sababu anaona unamfanya aonekane askari.

Ndani yake: nguo seti tatu, moja mwilini, moja begini, moja inakauka. Doti moja ya kanga kwa kila mwanamke, kikoi kwa kila mwanamume. Taulo acheni nyumbani. Linabeba maji kama sifongo na halikauki Kabale. Kanga ni taulo, shuka, pazia la dirisha la gesti, mbeleko, na kitambaa cha kusitiri mtoto anayebadilishwa nguo njiani. Mtu wa Tanga hubeba kanga akaacha sweta, na hili ndilo kosa letu kubwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000, na ukipita milima ya kati ya Nakuru na Kisumu alfajiri utaelewa kwa nini makondakta wa kule huvaa makoti mawili. Sweta moja nzito, soksi na kofia ya sufu kwa kila kichwa. Zipu zilizokula chumvi ya pwani zisugue na kipande cha mshumaa kabla ya kuondoka.

Mfuko wa dawa: paracetamol kwa vipimo vya umri, dawa za mtu binafsi ndani ya pakiti zake na cheti cha daktari, kipimajoto, plasta, na pakiti za chumvichumvi za kuharisha, mbili kwa kila mtu. Pakiti moja huchanganywa na kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja, si glasi. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, vipimwe kwa kijiko bapa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Chandarua cha kukunja kiwepo. Baridi ya Nairobi hukufanya uwasahau mbu, halafu Kisumu wakakukumbusha.

Horohoro, kwa karibu

Mpaka wa kwanza ndio shule, kwa hiyo upiteni mchana, na mjifunze hapo.

Basi likikaribia, mshika makaratasi agawe pasipoti, kila moja ikiwa na kadi ya manjano ndani yake, kwenye ukurasa wa picha. Mkia apige picha ya namba za basi na aulize utingo jina lake, maana mabasi mawili ya kampuni moja yakisimama pamoja utapanda lisilo lako. Wote wanashuka. Mabegi makubwa huweza kutakiwa yashushwe yakaguliwe, kwa hiyo pesa, simu na dawa zisibaki kwenye buti.

Horohoro na Lungalunga ya upande wa Kenya ni kituo cha pamoja. Huhangaiki kugonga muhuri wa kutoka upande wa Tanzania kisha kutembea kwenda Kenya. Ukienda, mambo yote mawili humalizika jengo la Lungalunga, na ukirudi, jengo la Horohoro. Ndani kuna madirisha mawili yanayofuatana. La kwanza ni la Uhamiaji wa nchi unayoiacha, la pili la unayoingia. Kosa la kawaida ni kuona muhuri mmoja ukaenda zako. Hakuna atakayekuzuia mlangoni. Utazuiwa siku ya kutoka Kenya, Busia, ambako ofisa atafungua kurasa zako atafute muhuri wa kuingia asiuone. Basi simama pembeni, soma mihuri yote miwili, tarehe na idadi ya siku, ndipo uondoke. Tarehe iliyokosewa hurekebishwa papo hapo. Ukisharudi kwenye basi imekuwa habari nyingine.

Foleni ipangeni hivi: mtu mzima, watoto wake, mtu mzima. Watoto wasitangulizwe peke yao wala wasiachwe nyuma. Bibi awe wa mbele kabisa. Maofisa wengi humwita dirishani mapema, na kundi lote hufuata nyuma ya baraka zake. Choo kwanza, foleni baadaye, hata kama mtoto anaapa hahitaji.

Chakula cha njiani mara nyingi hakina neno, lakini matunda mabichi, mbegu na miche hukaguliwa, kwa hiyo gunia la machungwa ya kumpelekea shemeji Mombasa liacheni. Bebeni kashata, tende, karanga na visheti. Mkate wa ufuta ni wa siku ya kwanza tu, na mandazi ya nazi yakilala kwenye begi la moto huchacha. Mtoto anayetapika garini asile vya mafuta saa moja kabla ya kuondoka, akae mbele, atazame barabara na si simu.

Njia yenyewe

Mombasa lala mara mbili. Kwa miguu, kivuko cha Likoni hakilipiwi, na umati wake ni wa kumeza mtu. Wekeni sharti kabla: geti likifungwa kati yetu, waliovuka wanasubiri ng'ambo mahali pa kwanza penye kivuli, hakuna kurudi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, inachukua asubuhi moja.

Kwenda Nairobi chukueni treni ya SGR, inayofanya safari hiyo tangu 2017. Watoto wanasimama, wanatembea, wanakwenda choo, na ukikaa dirishani mnapopita Tsavo mnaweza kuona tembo bila kulipa kiingilio. Ila stesheni zote mbili ziko mbali na mji, Miritini huku na Syokimau kule, na tiketi hukatwa kwa namba ya kitambulisho au pasipoti. Jina lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Fikeni saa moja kabla, maana mabegi hupangwa chini yakanuswe na mbwa kisha yapitishwe kwenye mashine. Msichukue treni inayoingia Nairobi usiku mkiwa na watoto.

Na hapa lisemwe la saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24. 08:00 ni saa 2 asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri. Kila mtu analijua hili akiwa nyumbani, na kila msimu kuna anayesoma 07:00 akafika saa saba mchana. Mshika makaratasi aandike kwa kalamu juu ya kila tiketi saa ya Kiswahili.

Nairobi hadi Kampala kuna basi la moja kwa moja la usiku, na ndilo la kuliepuka. Linafika mpakani usiku wa manane, na watoto wanaamshwa wakasimame foleni kwenye baridi. Kateni safari Kisumu. Nairobi hadi huko ni kama kilomita 350 za mchana. Mnalala mara mbili mnakula samaki, halafu Busia mnaifikia asubuhi mkiwa na nguvu, na Jinja, Nile inapotoka ziwani, iko njiani kwenda Kampala.

Kampala jihadharini na maneno. "Takisi" kule ni daladala. Gari dogo la kukodi huitwa "speshohaya". Ukimwambia mtu unataka takisi atakupeleka kwenye bahari ya magari meupe yenye miraba ya bluu, nawe na begi lako mtasukumwa humo. Kiswahili kitapungua pia, kwa hiyo jifunzeni "ssebo" na "nnyabo", bwana na bibi. Bila hayo unasikika kama mtu anayeamrisha. Kampala kwenda Kabale kuna kilomita zaidi ya 400. Simameni Kayabwe kwenye mstari wa ikweta watoto wapige picha, mlale Mbarara, kesho yake Kabale, na mkipata siku ya ziada itumieni kwenye ziwa Bunyonyi.

Katuna hadi Kigali ni kama saa mbili, lakini mnavuka mambo mengi kwa mpigo. Saa zinarudi nyuma saa moja. Magari yanapita kulia, kwa hiyo mlango wa basi uko upande msiouzoea, na mtoto aliyefundishwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka barabara atakuwa anatazama upande mbaya. Mshikeni mkono siku zote za Rwanda. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii. Za kule ni mbili za duara, nunueni kiunganishi kabla. Na msisafiri Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi: ni umuganda, kazi za jamii, na usafiri husimama mpaka karibu saa 5.

Kigali wengi huenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Hakuna kiingilio. Wadogo wabaki nje na mtu mzima mmoja. Si mahali pa kumwingiza mtoto wa miaka sita ili tu asibaki peke yake.

Mabasi ya mikoani huondoka Nyabugogo, na yakisema saa 3 ni saa 3. Rusumo mnavuka Kagera, maporomoko yakiwa hapo hapo chini ya daraja, na saa inasogea mbele tena. Kutoka hapo nyumbani panaonekana karibu, nako ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa sababu mmechoka mtashawishika kuunganisha. Laleni Kahama, laleni Dodoma. Dodoma hadi Morogoro kuna treni ya umeme tangu 2024, na watoto waliopanda ya Kenya watataka kulinganisha, ila kumbukeni tiketi zake hukatwa mapema na stesheni ya Morogoro haiko karibu na stendi ya mabasi yaendayo Tanga.

Fedha

Wekeni kapu moja la nauli, malazi na chakula cha asubuhi na jioni. Vocha, zawadi na soda za katikati ni za mtu mwenyewe. Mtoto anahesabiwa nusu. Kapu linajazwa mara tatu, Tanga, Nairobi na Kampala, si mara moja, ili likipotea isipotee safari. Kila usiku mshika fedha anasoma daftari kwa sauti, hata kama watu wanapiga miayo. Deni la "nitakupa tukifika" lisiruhusiwe hata la shilingi 2,000, kwani hilo dogo ndilo linalosemwa miaka kumi baadaye kwenye msiba.

Kubadilisha: chukueni mpakani fedha ya siku moja tu, nyingine mjini dukani. Tuseme mnataka shilingi 30,000 za Kenya. Moja ikiuzwa 20 za kwetu ni 600,000. Ikiuzwa 22 ni 660,000. Hizo 60,000 za tofauti ni nauli ya mtu. Angalieni bei kwenye simu kabla ya kushuka basini, na mkumbuke kwamba kwa Kenya mnazidisha, na kwa Uganda mambo yanageuka, shilingi yetu ndiyo kubwa, hivyo aliyezoea hesabu ya Kenya hutoa jibu la ajabu. Yule wa mpakani mwenye bunda mkononi ana mbinu mbili kongwe. Ya kwanza, noti imekunjwa katikati ndani ya bunda ili ihesabike mara mbili. Ya pili, ukishahesabu ukakuta imepungua, anachukua bunda lote "aongeze", anaongeza juu huku anachomoa chini. Kwa hiyo kunjua kila noti, na ukishahesabu usimrudishie bunda. Anachodaiwa akiweke mezani. Sarafu za Rwanda zimalizeni Rwanda, hakuna anayezibadilisha.

Hesabu ya mwisho ifungeni ndani ya basi la kurudi, baada ya Segera, wakati kila mtu bado amekaa kiti chake na hana pa kwenda. Gawaneni kilichobaki hapo hapo. Msingoje Muheza: machungwa yakishaanza kuuziwa dirishani, hakuna anayesikiliza daftari.